Unakoboa au dona? Mwongozo kamili wa kupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana

Ukifika mashineni na debe lako la mahindi, mwenye mashine hukuuliza swali moja: unakoboa au dona? Wengi wetu hujibu bila kufikiri. Tunakoboa, pumba tunawapa kuku, na sembe nyeupe tunarudi nayo nyumbani kwa sababu ndiyo inayompa mgeni heshima. Dona tunaikumbuka ya shule ya bweni.

Naanzia hapo kwa sababu miongoni mwa tabia zote zinazogusa saratani ya utumbo mpana, hiyo ndiyo unayoweza kuibadilisha wiki hii bila kuongeza hata shilingi. Tena utaokoa, maana kukoboa hulipiwa peke yake.

Ugonjwa wenyewe unavyokua

Utumbo mpana ndiyo sehemu ya mwisho ya safari ya chakula. Hapo maji hufyonzwa, mabaki hugeuka choo, na choo hushuka hadi kwenye puru kusubiri kutoka. Saratani huanzia kwenye utando wa ndani wa utumbo huo, na mara nyingi hutanguliwa na kinundu kidogo kiitwacho polipu, kisichouma wala kutoa dalili. Polipu nyingi hazigeuki kuwa saratani. Chache hubadilika polepole, na kwa kawaida mabadiliko hayo huchukua miaka 10 hivi au zaidi. Miaka hiyo ndiyo nafasi yetu, kwa sababu chakula, mwendo, pombe na sigara vina muda wa kusukuma mambo upande mmoja au mwingine, na polipu ikigunduliwa mapema hukatwa kabla haijawa kitu kingine.

Mwaka 2020 watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana na puru, na wapatao 930,000 walikufa nayo. Ni ya pili kwa kuua miongoni mwa saratani zote, nyuma ya ile ya mapafu.

Wazo kwamba chakula kinahusika lina mizizi katika Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na akafanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Magonjwa ya utumbo yaliyokuwa ya kawaida kwenye wodi za Uingereza hakuyakuta kwa wanavijiji wa Uganda. Mwaka 1971 aliandika kwamba tofauti kubwa iko kwenye nyuzinyuzi, yale makapi ya chakula ambayo tumbo haliwezi kuyasaga. Alikuwa na hoja nzuri, ila ushahidi wake ulikuwa wa kulinganisha nchi na nchi.

Ushahidi wa kina zaidi ulikuja baadaye, na kuna utafiti mmoja wa mwaka 2015 ambao ningetamani kila mama lishe ausikie. Watafiti waliwachukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, wakawabadilishia sahani kwa wiki 2. Wamarekani wakala mahindi, maharage na mboga. Waafrika wakala nyama, mafuta na chipsi za Kimarekani. Kabla ya kuanza walichunguzwa utumbo kwa kamera: karibu nusu ya Wamarekani walikutwa na polipu, Waafrika hakuna hata mmoja. Baada ya wiki hizo 2, dalili za utando wa utumbo kuvimba (si uvimbe wa saratani) kwa Wamarekani zilipungua, na bakteria wao wakaanza kutengeneza kwa wingi butireti, asidi inayolisha na kulinda seli za utumbo. Kwa Waafrika ikawa kinyume chake. Wiki 2 hazitoshi kuleta saratani wala kuiponya, lakini zinaonyesha jinsi utumbo unavyoitikia haraka kile tunachoupa.

Hatua ya 1: jua unaanzia wapi

Kabla ya kubadilisha chochote, kaa na wazee. Uliza kama baba, mama, kaka, dada au mtoto wa kuzaa aliwahi kuwa na saratani ya utumbo au polipu, na alikuwa na umri gani. Usikubali jibu la kwanza. Katika familia zetu watu “hufa kwa tumbo”, na hilo tumbo hufichwa au hupewa jina la mchawi. Muulize shangazi au bibi maswali madogo madogo: alikuwa anakonda? Alikuwa anatoka damu akienda chooni? Alifanyiwa upasuaji wapi? Ukipata jibu la ndiyo kwa ndugu wa karibu, hasa aliyeugua kabla ya miaka 50, hatari yako iko juu, na chakula peke yake hakitoshi. Nenda ukamwone daktari mapema. Vivyo hivyo kama una kisukari aina ya pili, uliwahi kutolewa polipu, au una ugonjwa wa kudumu wa vidonda vya utumbo mpana.

Halafu chukua kamba. Pima urefu wako toka kisigino hadi utosini, ikunje kamba katikati ibaki nusu ya urefu huo, kisha izungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu. Ncha zikikutana bila kubana, uko vizuri. Zisipokutana, una mafuta mengi tumboni. Kitambi tulikifanya alama ya mtu aliyefanikiwa, na ndoa ikimpendeza mtu tunasema amenawiri. Lakini mafuta ya tumboni hupandisha insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, na kuuweka mwili katika hali ya kuvimba ndani kwa ndani kwa kudumu, na mazingira hayo huzisukuma seli kugawanyika ovyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeweka unene miongoni mwa visababishi vya saratani hii.

Hatua ya 2: badilisha unga

Punje ya mahindi ina ganda, kiini na wanga. Kukoboa huondoa ganda na kiini, pamoja na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, na kukuachia wanga. Gramu 100 za unga wa dona zina nyuzinyuzi karibu gramu 7. Sembe inabaki na kiasi kidogo tu cha hizo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, na uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja umeonyesha kwamba kila gramu 10 za nyuzinyuzi kwa siku huenda sambamba na kupungua kwa hatari ya saratani hii kwa asilimia 10 hivi. Nafaka zisizokobolewa zina ushahidi wenye nguvu zaidi kuliko hata mboga.

Kama nyumbani wamezoea sembe, usiwashtue. Wiki ya kwanza changanya robo ya dona na robo tatu za sembe. Wiki ya tatu nusu kwa nusu. Mwezi wa pili dona tupu. Dona inataka maji zaidi na muda mrefu kidogo jikoni, na ukiisonga haraka kama sembe itakuwa na ladha ya ubichi, nao watakataa kwa haki. Uji wa watoto fanya wa ulezi au mtama. Chapati changanya unga wa ngano nzima. Hazitakuwa laini kama za kawaida, lakini zikikandwa kwa maji ya uvuguvugu na kuachwa nusu saa zinakubali.

Hapa kuna tahadhari ambayo wahubiri wa dona huisahau. Sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu zilezile tunazozitaka. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100 nchini Kenya. Kwa hiyo dona isagwe kwa mahindi yaliyokauka vizuri, yaliyohifadhiwa pasipo unyevu, na uyachambue kwa mkono kabla ya kwenda mashineni: yenye ukungu, yaliyovunjika, yenye rangi ya ajabu, yote nje. Ukinunua dona ya dukani ya kupimwa kwenye gunia, inuse. Harufu ya uvundo ikikugusa, iache.

Hatua ya 3: maharage kila siku, mboga kila mlo

Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina nyuzinyuzi gramu 12 hadi 15, nusu ya mahitaji ya siku. Sijui chakula kingine cha bei hiyo kinachofanya kazi hiyo. Kunde, choroko, mbaazi na dengu ziko kundi hilohilo. Makande, ambayo Kenya huitwa githeri, ni mlo wa kinga uliokamilika: mahindi mazima na maharage kwenye chungu kimoja, na tumeuacha uonekane chakula cha shida.

Wanaolalamika gesi wanalalamika kweli. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya, na anza na upawa mmoja kwa siku. Bakteria wa tumboni wanahitaji wiki 2 au 3 kuzoea. Kunywa maji ya kutosha pia, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji hufunga choo badala ya kukifungua.

Mboga tunazo: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde, mnafu, sukuma wiki. Kosa letu ni kipimo. Kijiko kimoja pembeni mwa mlima wa wali ni mapambo. Sahani yako igawe nusu iwe mboga, na nusu inayobaki ugawane wanga na kitoweo. Matunda yaliwe, yasikamuliwe. Juisi huacha nyuzinyuzi kwenye chujio. Parachichi moja la wastani lina gramu 10 hivi, na pera huliwa na ganda lake na mbegu zake.

Kuhusu maziwa, kuna habari njema. Utafiti wa Oxford uliochapishwa mwaka 2025, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 540,000, ulikuta kwamba nyongeza ya miligramu 300 za kalsiamu kwa siku, karibu glasi moja ya maziwa, ilienda na hatari pungufu kwa asilimia 17. Maziwa yakikusumbua tumbo, jaribu mtindi, au dagaa wanaoliwa na mifupa yao.

Hatua ya 4: nyama ipimwe kwa wiki

Mwaka 2015 IARC iliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la 1 la visababishi vya saratani: soseji, smoki, bekoni, polony, salami, nyama ya kopo iliyotiwa chumvi na dawa za kuhifadhi. Nyama nyekundu ya kawaida, yaani ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, iliwekwa kundi la 2A, kwamba kuna uwezekano mkubwa inasababisha. Watu walisoma kwamba sigara nayo iko kundi la 1 wakadhani soseji ni sawa na sigara. Sivyo. Kundi linaeleza uhakika wa ushahidi, halielezi ukubwa wa hatari.

Ukubwa wenyewe ni huu: kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku hupandisha hatari kwa asilimia 18 hivi. Soseji moja ya kawaida hukaribia uzito huo. Tuseme katika mji fulani watu 50 kati ya 1,000 wangepata ugonjwa huu maishani. Wote wakila soseji moja kila siku, wangekuwa 59. Kwa mtu mmoja si kitisho kikubwa. Kwa watoto tunaowazoesha soseji kila asubuhi wakiwa na miaka 4, nalisema kwa uchungu, ni deni tunalowakopea. Mayai ya kuchemsha, viazi vitamu au karanga vitawashibisha vizuri zaidi, na mara nyingi kwa bei nafuu.

Nyama nyekundu haina haja ya kuachwa. Ina chuma na protini, na kuna nyumba ambazo tatizo ni kuikosa. Kikomo kinachopendekezwa na wataalamu wa saratani ni gramu 350 hadi 500 kwa wiki zikiwa zimeiva, na hizo 500 zikiwa mbichi ni kama gramu 700 hadi 750. Sasa fikiria Jumamosi: watu wawili, kilo moja ya mbuzi choma, na bia. Kila mmoja amemaliza theluthi mbili za kiasi chake cha wiki kwa kikao kimoja. Agizeni kilo hiyo kwa watu wanne, kachumbari na ndizi viongezwe, na siku nyingine kitoweo kiwe samaki, kuku, dagaa au kunde. Nyama isiungue. Moto mkali na moshi wa mafuta yanayodondokea mkaa huzalisha kemikali zinazoharibu vinasaba. Choma kwa makaa yaliyotulia, geuza mara kwa mara, na sehemu nyeusi ikate uitupe.

Hatua ya 5: pombe na sigara

Hapa sina mengi, kwa sababu hakuna cha kupamba. Mwili hugeuza pombe kuwa asetaldehidi, sumu inayoharibu vinasaba vya seli. Ushahidi ni wa wazi kuanzia gramu 30 za pombe halisi kwa siku, na chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20. Chupa mbili kila jioni zimeshavuka hapo. Gongo na chang'aa hazina lebo, hivyo hata hesabu huwezi kuipiga. Kama hunywi, usianze. Kama unakunywa, weka siku nyingi za wiki bila pombe kabisa.

Sigara huongeza polipu na huongeza saratani yenyewe, puru ikiathirika zaidi. Wanaoacha, hatari yao hushuka kwa miaka, polepole. Mweleze mhudumu wa afya kwamba unataka kuacha, maana wanaosaidiwa hufaulu zaidi kuliko wanaopambana peke yao.

Hatua ya 6: tembea

Watu wanaojishughulisha sana hupata saratani ya utumbo mpana kwa kiasi cha asilimia 20 pungufu kuliko wanaokaa. Kipimo ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhema lakini uweze kuongea. Shuka daladala au matatu vituo viwili kabla, bodaboda iachie mzigo na mvua. Kulima, kuchota maji na kufua kwa mkono vinahesabiwa. Mama wa kijijini hahitaji mtu wa mjini amfundishe mazoezi. Anayehitaji ni mimi na wewe tunaokaa kwenye kiti saa nane kwa siku. Inuka kila nusu saa.

Na kwa aliyekwisha kuugua: mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 889, wengi wa Kanada na Australia, waliokuwa wamemaliza upasuaji na dawa za saratani ya utumbo mpana. Nusu walipewa mpango wa mazoezi wa miaka 3 wakisimamiwa, nusu kijitabu cha ushauri. Baada ya miaka 5, asilimia 80 ya wa mazoezi walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 74 ya wenzao. Kwa hiyo tusimlaze mgonjwa aliyepona kitandani kwa kumhurumia. Tumsindikize atembee, kwa ruhusa ya daktari wake.

Usivyopaswa kuvinunua

Dawa za “kusafisha utumbo”, chai za kuharisha, enema za mitishamba, yaani dawa zinazoingizwa njia ya haja kubwa: hakuna ushahidi kwamba zinazuia saratani, na enema zimeshawaunguza na kuwatoboa watu utumbo. Aspirini nayo imeonyesha manufaa kwa baadhi ya wenye hatari ya kurithi, lakini huweza kuleta vidonda na kuvujisha damu tumboni. Usianze bila daktari.

Hatua ya 7: usimwamini bawasiri

Tabia njema hupunguza hatari, haziifuti. Mwigizaji Chadwick Boseman alikufa kwa ugonjwa huu mwaka 2020 akiwa na miaka 43. Pelé, mwanamichezo wa namna yake, aliondoka nao mwaka 2022 akiwa na 82. Anayeugua asihukumiwe kwa alichokula.

Mjomba wangu alitoka damu chooni kwa mwaka na nusu. Alipewa dawa ya amiba, ya minyoo, kisha ya bawasiri, dukani na kwenye zahanati mbili. Hakuna aliyemwingiza kidole kumpima, naye aliona haya kuomba. Uvimbe ulikuwa kwenye puru, mahali ambapo kidole chenye glavu kingeufikia. Alipofika hospitali ya rufaa ulikuwa umeshasambaa hadi kwenye ini. Ndiyo sababu naandika haya.

Dalili za kupeleka hospitali ni damu kwenye choo, iwe nyekundu au choo cheusi kama lami. Choo kubadilika, kufunga au kuharisha, kwa zaidi ya wiki 3. Hisia kwamba hujamaliza hata baada ya kumaliza. Kukonda bila sababu. Maumivu ya tumbo yasiyoisha. Na upungufu wa damu usioelezeka, hasa kwa mwanaume au mwanamke aliyekoma hedhi. Ni kweli kwamba amiba, bawasiri na kichocho, hasa kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria, huleta damu pia. Tibiwa. Lakini damu ikirudi baada ya dozi, usikubali dozi ya pili ya dawa ileile. Sema hivi: “Daktari, naomba unipime mlango wa haja kubwa kwa kidole, na kama hupati jibu, uniandikie kipimo cha kamera.” Usijione kijana mno kusema hivyo, hospitali zetu zinaona wagonjwa wa miaka 30 na 40.

Asiye na dalili yoyote naye ana kipimo chake. Marekani tangu 2021 wanapendekeza kuanza ukiwa na miaka 45. Kuna kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, cha bei nafuu, hurudiwa kila mwaka. Kikionyesha damu, hufuata kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa. Mwenye mzazi au ndugu aliyeugua huanza kwenye miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligundulika, ipi itatangulia.

Watu huogopa kolonoskopi kuliko inavyostahili. Unapewa dawa ya usingizi mwepesi, kazi yenyewe ni nusu saa hivi, na polipu ikionekana hukatwa papo hapo. Kigumu ni maandalizi: siku 2 au 3 kabla unaacha maharage, mboga za majani, matunda yenye mbegu na dona, unakula sembe, wali mweupe na samaki, siku ya mwisho vinywaji angavu visivyo na maziwa tu na dawa ya kuharisha hadi maji yatoke safi. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwa sababu hutaruhusiwa kuendesha gari siku hiyo. Jioni kula uji mwepesi, kesho yake rudi kwenye dona. Utumbo ukikutwa safi na familia haina historia, kipimo kingine ni baada ya miaka 10.